Boneti Aliyoikalia Shangazi

Kila mteja anayeniletea kitu kilichopasuka hufika na methali ileile, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na huitamka kana kwamba ameitunga mwenyewe njiani. Mimi huitikia, "Kweli kabisa." Halafu huvaa miwani.

Huyu hakuja na methali. Alisimamisha gari mlangoni, akashuka, akaonyesha boneti kwa kidevu na kusema neno moja tu: "Shangazi."

Mtaani wanamwita Kaboni, tangu aliponunua gari lenye boneti ya nyuzi za kaboni, nyeusi, isiyopakwa rangi, yenye vimistari vya mshazari kama mkeka uliosukwa kwa uzi mwembamba mno. Boneti ya namna hiyo haibonyei. Bati likigongwa hubonyea, ukalinyoosha kwa nyundo, likasahau. Kaboni ama ni nzima ama imepasuka, haina hali ya katikati. Wapo wanaosema wenye magari hayo nao huwa hivyohivyo. Huyu nilikuwa simjui vizuri, kwa hiyo sikuwa na maoni.

Ufa ulianzia mbele, pale boneti inapoingia kwenye kitasa, ukapanda kuelekea kioo kwa kiasi cha shibiri. Nikauliza umetokeaje, akanisimulia akiwa amekunja mikono. Jumapili walikuwa na wageni, ndugu wa karibu na wa mbali, wengine walilala. Baada ya chakula watu walitoka nje kupiga picha. Shangazi yake, dada wa baba, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na mpaka wiki hiyo alikuwa akiishi naye nyumba moja. Shangazi aliegemea gari, kisha akaona kuegemea hakutoshi, akakaa juu ya boneti na mtoto huku na mtoto huku, akatabasamu. Asubuhi yake Kaboni akauona ufa. Akaingia ndani na kusema mbele ya meza nzima: "Shangazi, umenivunjia gari."

Shangazi akaweka kikombe chini, akasema hajavunja kitu, akaenda kufunga sanduku. Sasa alikuwa kwa mdogo wake wa kiume, amelala kwenye kochi, na Jumamosi angepanda basi kwenda kwa bintiye, mji mwingine, moja kwa moja.

"Atarudi?" niliuliza.

"Muulize yeye," Kaboni akasema, lakini alikuwa anatazama chini.

Nina sarafu ya zamani ambayo hakuna duka linaloipokea tena. Hicho ndicho kipimo changu. Nilianza kugonga mbali na ufa, nikisogea polepole huku nimeinamisha sikio. Kaboni nzima hujibu kwa sauti kavu, ti, ti, ti, kama sahani. Pale tabaka za ndani zilipoachana hujibu tu, tu, kama mlango wa mtu aliyehama. Niliuzungushia mlio ule chaki, na nilipomaliza duara lilikuwa pana kuliko ufa wenyewe.

"Uzito wa mtu unaweza kufanya hivi?" akaniuliza.

"Unaweza."

"Basi."

"Sijasema ndio uliofanya. Mpaka niifungue."

Nadhani aliondoka na ile nusu ya kwanza tu. Tulifungua boliti, tukaishusha boneti, mimi nikaiingiza ndani, yeye akaondoka na gari lake injini ikiwa wazi kama mtu aliyetoka bafuni kabla ya kuvaa. Kila aliposimama watu walimuuliza, naye alikuwa na jibu tayari.

Kesho yake shangazi alikuja mwenyewe, kwa miguu, mkoba kwapani. Ni mwanamke mwenye mwili, na hajawahi kuomba radhi kwa kuwa nao. Alikitazama kiti changu cha wateja, cha plastiki, chenye mguu mmoja uliofungwa waya, akaamua kusimama.

"Wewe ndiye uliyesema nimevunja?"

"Sijasema, mama."

"Kwa hiyo umesema sikuvunja."

"Hilo nalo sijalisema."

Alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria ya maji isiyotaka kuchemka.

"Fundi, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo ana subira."

Akaniaga kwa adabu na kuondoka. Jioni hiyo, kama nilivyokuja kuelezwa, ukoo mzima ulikuwa na hukumu mbili kutoka kwa fundi mmoja. Upande wa Kaboni ulisema fundi amethibitisha kwamba uzito wa mtu unavunja. Upande wa shangazi ulisema fundi ameulizwa ana kwa ana na amekataa kata kata kusema kwamba alivunja. Binamu walipigiana simu. Mtu ambaye sijawahi kukutana naye alinipigia kunipongeza kwa kusimamia haki, na sikupata nafasi ya kumuuliza ni haki ya upande upi.

Siku ya tatu alikuja yule mdogo wake shangazi, baba mdogo wa Kaboni, mwenye duka la viatu. Yeye ni mwembamba na hukaa ukingoni mwa kiti, kwa hiyo kiti changu kilimfaa. Akaanza kwa kusema yeye hana upande. Anawapenda wote. Ila dada yake amepanga upya jiko lake, chumvi haijulikani ilipo, na kochi analolala ndilo yeye hukaa kutazama mpira. Alfajiri anaamsha nyumba nzima kwa sababu, kwa maneno yake, jua haliwezi kuwakuta watu wazima wamelala.

"Wewe sema lolote," akaniambia. "Sema ni paka."

"Paka hawezi kufanya ufa ule, mzee."

"Paka wawili."

Nikamwambia nitafungua, kisha nitaona. Akavuta pumzi na kuacha mzaha. Alisema usiku mmoja dada yake alimwambia hivi: mtoto niliyemlea kwa mikono yangu ameniita mvunjaji mbele ya watu, nikae kwake kama nani? Huko kwa bintiye ni ghorofa ya tatu, na magoti yake hayasikilizani na ngazi. Akifika juu, baba mdogo alisema, hatashuka tena. Na hatasema kwamba amekosea kwenda, maana hajawahi kusema hivyo kuhusu jambo lolote.

Mchana huo nikaanza kufungua. Kazi hii huifanyia nje, chini ya bati la uani, nimefunga pua na mdomo, kwa maji, maana vumbi la kaboni likiingia kwenye ngozi utajikuna mpaka ujute kuzaliwa na ngozi. Kwanza unaondoa vanishi. Kisha unasugua kwa msasa kuzunguka ufa, taratibu, mpaka tabaka za kitambaa zijitokeze moja baada ya nyingine kama ngazi fupi za kushukia kisimani. Kila tabaka utakayoitoa ndiyo utakayoirudisha, kwa kipimo chake na kwa mwelekeo wake. Hakuna aliyenifundisha haya. Niliharibu bampa kadhaa za kwangu mwenyewe kabla sijathubutu kugusa ya mtu.

Nilipofika tabaka ya pili nikaona kitu cheupe ndani ya ufa.

Mwanzoni nilidhani ni gundi ya kiwandani. Nikakichokoa kwa sindano, kikamomonyoka. Nikakinusa, kikanuka limau. Ilikuwa nta, ile ya kung'arishia magari. Ukipaka nta juu ya ufa, kitambaa kinafuta ya juu, lakini iliyoingia ndani inabaki humo na kukauka. Na hii haikuwa ya siku moja. Juu ilikuwa nyeupe, chini yake ya manjano, na chini kabisa ilikuwa kahawia, imeshikana na vumbi, ngumu kama ukucha. Ilianzia kwenye kitasa na kufuata ufa karibu wote. Mwishoni tu, pale ufa ulipoishia kuelekea kioo, haikuwepo. Hapo nyuzi zilikuwa safi, nyeusi, zinang'aa kama nywele zilizokatwa sasa hivi. Sehemu hiyo safi nikaipima kwa kidole changu cha shahada. Ililingana nacho.

Nikanawa mikono na kumpigia Kaboni simu, nikamuuliza gari alilipaka nta lini mara ya mwisho. Akasema Jumamosi, kabla ya wageni. Tangu hapo hajaligusa hata kwa kitambaa, aliliacha na vumbi lake kwa makusudi, ili kila mtu auone ufa. Nikamshukuru, nikakata simu.

Wakati wa chakula nilimweleza mke wangu. Mke wangu ni fundi cherehani, na ndiye anayenikatia vitambaa vya kaboni, maana mkasi wangu huchana nyuzi pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja niwe na hakika."

"Una hakika tangu mchana."

"Ndiyo."

"Basi hungoji hakika. Unangoja wamalizane bila wewe."

Akaondoa sahani. Nikamchorea vipimo vya vitambaa, ili avikate usiku huohuo.

Ijumaa asubuhi nilimwita Kaboni. Vitambaa vilikuwa vimeshakatwa, vimepangwa juu ya meza kutoka kidogo hadi kikubwa. Makopo mawili ya gundi yalikuwa pembeni, sijayachanganya, kwa sababu gundi hii ukishaichanganya na dawa yake ya kuikausha, haingoji mtu. Nikamwambia nataka aone ndani kabla sijafunika, maana nikishafunika hakuna atakayeona tena, hata mimi.

Aliinama. Nikamwekea taa. Hakuniuliza cheupe kile ni nini. Alikikwaruza kwa ukucha, akaupeleka ukucha puani, akausimamisha hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutambua harufu ya limau.

"Funika, fundi," akasema.

"Nitafunika. Ndiyo kazi yangu."

"Nani mwingine ameona?"

"Mke wangu."

"Basi mtaa mzima unajua."

"Mke wangu hasemi."

"Na wewe?"

"Nikiulizwa nitajibu."

"Wiki nzima umeulizwa hujajibu."

"Wiki nzima nilikuwa sijafungua."

Akakikalia kile kiti cha plastiki bila kukitazama, nacho kikamvumilia. Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza. Boneti ya kaboni ni nyepesi, inatakiwa kushushwa kwa mikono miwili na kukandamizwa karibu na kitasa. Yeye alikuwa anaiachia kutoka juu, kwa sababu alipenda mlio wake. Siku moja mlio ukatoka mwingine. Alipotazama aliona kijistari kama unywele. Akajiambia ni mkwaruzo, akaupaka nta. Jumamosi iliyofuata akaupaka tena. Alijua kwamba mkwaruzo haukui, na huu ulikuwa unakua, kwa hiyo akazidisha nta.

"Shangazi alipokaa," akasema, "nilimwona kupitia dirishani. Ningeweza kumwambia ashuke. Sikumwambia." Akaufuta ukucha kwenye suruali. "Fundi, nilisikia nafuu. Nilijiambia, sasa angalau kuna mtu."

Nikanyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka.

Wakati huo baba mdogo akaingia, sanduku begani, amelibeba kwa bidii ya mtu anayehofia mwenye mali atabadili mawazo. Nyuma yake akaja shangazi. Walikuwa njiani kwenda kukata tiketi ya kesho na kuliacha sanduku stendi mapema, na shangazi alitaka kunisikia kwanza, ili akiondoka aondoke na jambo moja, si mawili. Akamwona mpwa wake kwenye kiti. Hakumsalimu, wala Kaboni hakunyanyua macho.

"Fundi," akasema shangazi, "umefungua?"

"Nimefungua, mama."

"Haya."

Nikafungua mdomo, na kwa kweli nilikuwa nataka kusema. Lakini Kaboni akasimama.

"Ufa ni wangu, Shangazi."

Baba mdogo akalibadilisha sanduku bega. Kaboni akamwonyesha shangazi nta, akamweleza ya mlio, ya kijistari, na ya Jumamosi baada ya Jumamosi. Aliyaeleza yote kwa sauti ya chini, akitazama boneti. Lile la dirishani alilifikia mwisho kabisa, na hapo akamtazama yeye.

Shangazi hakulia wala hakumkumbatia. Aliinama chini ya taa, miwani yake ikiwa imeshuka puani, akaufuata ufa kwa macho kutoka kwenye kitasa kwenda juu, kama mtu anayekagua mchele.

"Na huku mwisho? Huku hakuna nta."

Nikaona sasa naulizwa mimi.

"Huko ni kupya, mama."

"Kupya kwa lini?"

"Kwa Jumapili."

"Kwa hiyo huku ni kwangu."

"Ndiyo, mama. Kidole kimoja."

"Kidole chako au changu?"

"Changu."

Akaweka chake pale. Kilikuwa kinene zaidi, lakini kifupi, na kwa kipimo chake ufa ulizidi kidogo. Hilo halikumfurahisha. Akajiinua, akaivuta miwani juu.

"Nilisikia," akasema. "Nilipokaa kitu kililia chini yangu. Nikajua. Nikasema nikishuka sasa watu watacheka, nikabaki nikatabasamu. Kwenye picha meno yote yapo nje." Akamgeukia Kaboni. "Mimi sikusema sikukaa. Nilisema sikuvunja. Ungeniita pembeni, ukaniuliza taratibu, ningekwambia nilisikia. Wewe ukaniambia mezani, watu wana vikombe mikononi."

"Nisamehe, Shangazi."

"Sisikii vizuri hapa, kuna vumbi. Uliyasema mezani, utayafuta mezani. Leo, kwenye chakula cha jioni, na baba yako mdogo awepo, na yeyote wa wale wageni anayepatikana. Kisha nitaangalia kama hili sanduku lifunguliwe au lisifunguliwe."

Baba mdogo akauliza kama kwa sasa alipeleke stendi au alirudishe kwake. Akaambiwa aendelee kulishika. Wakatoka wote watatu. Kaboni alimfungulia mlango wa gari, shangazi akakaa mbele, akaitazama injini ile iliyokaa wazi mbele ya kioo, na kabla hawajaondoka nilimsikia akiuliza kile kinachozunguka ni nini, na kwa nini hakijafunikwa.

Mimi nikabaki na kazi yangu. Niliitoa nta yote, mpaka ile ya kahawia, kwa sababu gundi haishiki juu ya uchafu hata kama uchafu huo una historia. Nilichimba na sehemu ya shangazi pia. Nikachanganya gundi, nikapaka, nikalaza kitambaa kidogo, kisha kinachofuata, kila kimoja vimistari vyake vikielekea kule kule vilikokuwa vikielekea vya kiwandani. Hapo ndipo mafundi wengi huanguka. Kiraka kinakuwa na nguvu kuliko boneti yenyewe, lakini mistari inakwenda upande wa pili, na mwenye gari kila asubuhi anaona kiraka tu. Juu yake nikatandaza nailoni, nikaziba kingo, nikawasha mota niliyoitoa kwenye friji iliyokufa, ikaanza kunyonya hewa. Nailoni ikajikunja, ikakumbatia kila kona.

Jua lilikuwa limeshazama simu ilipolia. Glovu zangu zilikuwa na gundi, nikaibonyeza kwa kiwiko. Alikuwa Kaboni. Aliniambia sauti iko nje, wanasikia wote. Nyuma yake kulikuwa na vijiko na kikohozi cha mtu mzima. Ameshawaeleza, akasema, lakini binamu mmoja anadai Kaboni anasema hivyo kwa kumwonea shangazi huruma, na kwamba fundi mwenyewe alithibitisha ni uzito. Shangazi amesema haondoki na huruma ya mtu. Kwa hiyo wananiuliza mimi.

Mota ilikuwa inanguruma. Nikaizungushia simu mkono ili wanisikie.

"Ufa ni wa mwenye gari," nikasema. "Ulikuwepo kabla ya Jumapili, na ni yeye aliyeufanya. Shangazi aliuongeza kidole kimoja. Nimeona kwa macho yangu."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyasema kwa mfululizo, na mke wangu, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono, alinitazama kana kwamba anakubaliana na hilo.

"Nusu kidole," ikasema sauti ya shangazi.

"Shangazi, fundi amesema kimoja," akasema Kaboni.

"Fundi ana vidole vya mtoto. Nipe chumvi hapo. Na hiyo boneti ikirudi, mimi ndiye nitakayekuonyesha namna ya kuifunga, maana milango ya nyumba hii nayo unaibamiza hivyohivyo, na mimi ndiye ninayekaa humu."

Kisha, mbali kidogo na simu, nikamsikia baba mdogo akiuliza, bila kumuuliza mtu hasa, kama sasa anaweza kulishusha sanduku.